Matundu ya Kompyuta katika Ofisi za Chapa za Kitui na Makueni

Katika ofisi moja ya chapa mjini Kitui ipo kompyuta ambayo matundu yake mawili ya mbele yamezibwa kwa utepe mweusi wa mafundi wa umeme, na juu ya utepe huo mwenye ofisi ameandika, kwa wino mweupe wa kufutia makosa, neno moja tu: "Yamekufa." Mteja aingiaye na flashi mkononi akalisoma neno lile aghalabu husita mlangoni, akidhani kwamba ni mashine nzima iliyokufa, kumbe lau angeinama chini ya meza, akalisogeza lile kasha la chuma kutoka ukutani, akapangusa vumbi jekundu na tando za buibui, angeyakuta nyuma yake matundu mengine manne mazima, yanayong'aa kama siku yalipotoka kiwandani, ambayo hayajawahi kuguswa na mteja tangu mashine ilipowekwa mahali pale. Watu huuliza siku hizi kama kompyuta ya mezani ina matundu ya kutosha kwa vyombo vyote vinavyotaka kuunganishwa nayo. Jawabu langu la kwanza nililipata hapo, nikiwa nimepiga magoti sakafuni: yanatosha, ila yaliwekwa na mtu aliyedhani kwamba mashine itakuwa na mwenyewe mmoja.

Nilizaliwa pwani, nikaletwa Kitui na kazi ya ualimu, na kwa mtu wa pwani neno la kwanza limjialo kwa jambo hili ni bandari, hasa kwa kuwa Waingereza nao hutumia neno moja kwa bandari ya merikebu na kwa tundu la kompyuta. Lakini tangu nifike bara sijamsikia mtu, si Kitui, si Wote, si Mwingi, akiliita hivyo. Mwanafunzi katika karatasi ya mtihani ataandika tarakilishi, kisha akitoka nje atasema kompyuta. Na mahali pa kuingizia waya atapaita tundu, au poti, au, ikiwa mikono yake imejaa, "hapo pa kuchomeka". Nami nimeyafuata mazoea yao.

Husemwa kwamba jina la Kitui lenyewe maana yake ni mahali pafanywapo vitu vya chuma, na kwamba wahunzi wa Kikamba ndio waliolipa eneo hilo jina zamani kabla ya serikali yoyote ya kigeni. Iwe ni hivyo au sivyo, uhunzi wa Wakamba haukuhitaji jina la mji ili ujulikane: walikuwa mabingwa wa kuvuta waya, wakauvuta hata ukawa mwembamba kama uzi, wakausokota kuwa mikufu ya mapambo, na waya wa shaba uliotoka pwani ulikuwa miongoni mwa bidhaa zilizotafutwa sana na misafara yao ya pembe za ndovu. Mmisionari Krapf wa Rabai alisafiri mwaka 1849 hadi kwa Kivoi, tajiri mkubwa wa misafara hiyo, na ni katika nchi ya Kitui ndipo alipouona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba mwaka huo. Miaka miwili baadaye Kivoi aliuawa safarini kuelekea mto Tana, na Krapf aliyekuwa pamoja naye akaponea chupuchupu. Sitaki kudai kwamba kijana anayelehemu nyaya ndani ya kompyuta karibu na stendi ya Kitui leo ameurithi mkono wa wahunzi wale, maana yeye alijifunza kazi kwa kutazama video na kuunguza vidole. Nasema tu kwamba waya si mgeni katika nchi hii, na kwamba tangu zamani ulikuja kutoka pwani, ukapanda pamoja na shehena nyingine, ukafika umechelewa na umepungua.

Upande wa Makueni, ambayo ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos hata ilipotengwa mwaka 1992, ulijaliwa reli: mnamo 1898 wajenzi walipita Kibwezi na Makindu, na kituo kimoja mbele yake kikapewa jina la Sultan Hamud wa Unguja. Kitui haikuipata reli, wala haijaipata. Hata hivyo kwa habari ya kompyuta neema hiyo haikuwa na faida kubwa, kwa kuwa makontena yaliyopakuliwa bandarini Kilindini yalipita Mtito Andei, yakapita Makindu, yakapita Emali penye njia ya kukatia kwenda Wote, yakaenda zao Nairobi. Na ni katika maduka ya Nairobi ndipo mwenye ofisi ya Wote alipokwenda kuinunua mashine ile ile iliyokuwa imepita karibu na mlango wake, akairudisha nyumbani juu ya magoti yake ndani ya matatu.

Kabla ya hapo kazi yote ilifanywa na taipureta, na taipureta, ukiitafakari, ni mashine isiyo na tundu hata moja. Yote iyahitajiyo inayo: herufi, wino, rola na kengele. Kilichotoka nje yake kilitoka kwa karatasi, na kilichotaka kuwa nakala nyingi kilipigwa juu ya karatasi ya nta, ikapelekwa kwenye Gestetner, ambako mwalimu mmoja alizungusha mkono wa mashine na mwingine akapokea mitihani ya darasa la nane ikiwa bado inanuka wino. Nimeizungusha mashine hiyo mwenyewe, na shati moja jeupe lilifia kazini humo. Karani wa taipureta alikuwa na hadhi mjini: aliandika barua za kuomba kazi, mialiko ya harambee, katiba za vikundi vya akina mama na maombi ya mashamba, na siri za nusu ya mji zilipita vidoleni mwake.

Kompyuta zilipoanza kuingia katika ofisi hizo, katika miaka ya 1990 kwa wachache na baada ya mwaka 2000 kwa wengi, zilikuja na kitu ambacho karani wa taipureta hakuwahi kukifikiri, nacho ni mgongo uliojaa matundu ya maumbo mbalimbali, kila moja likiwa limewekewa mgeni wake na haliwezi kumpokea mwingine. La kibodi lilikuwa la mviringo, rangi ya zambarau; la mausi lilikuwa la mviringo vile vile, lakini la kijani; la skrini lilikuwa la buluu, lenye vitobo kumi na vitano katika safu tatu; na la printa lilikuwa refu, lenye vitobo ishirini na vitano, la kukazwa kwa parafujo mbili ambazo aghalabu moja yake ilikuwa imepotea. Rangi hizo hazikuwa pambo. Ziliwekwa na watengenezaji mwishoni mwa miaka ya 1990 ili mtu asiyejua kusoma maandishi madogo aweze kuoanisha waya na tundu lake. Na naweza kushuhudia kwamba katika ofisi za Ukambani zilifanya kazi hiyo kuliko kitabu chochote cha maelekezo, kwa sababu vitabu hivyo vilibaki Uingereza pamoja na mwenye mashine wa kwanza.

Utaratibu huo ulikuwa na adabu yake, lakini ulikuwa na ubahili pia. Tundu la printa lilikuwa moja tu, ilhali ofisi yenye kazi ilihitaji printa mbili: ile ya sindano, Epson yenye kelele kama cherehani, iliyopiga nakala tatu kwa mara moja kupitia kaboni na kwa hiyo ikapendwa na shule kwa ripoti na maduka kwa hati za malipo, na ile ya leza, ya barua za heshima. Dawa yake ilikuwa kisanduku cha bati, chenye ukubwa wa tofali nusu, chenye kitasa cha kuzungusha mbele na herufi A na B. Waya mmoja uliingia kutoka kompyuta, nyaya mbili zikatoka kwenda kwa printa, na karani, kabla ya kuamuru karatasi itoke, alinyoosha mkono akazungusha kitasa. Akisahau, barua ya chifu ilitoka kwa herufi za nukta juu ya karatasi yenye kaboni, na ripoti za darasa zima zikatoka kwenye leza, wino wa thamani ukateketea. Nimeona kisanduku kimoja kilichochakaa hata herufi zake zikafutika, na karani akaweka mahali pa A punje ya hindi iliyogandishwa kwa gundi.

Wakati huo huo, mbali sana na Kitui, kampuni saba za Marekani, Kanada na Japani, Intel na Microsoft zikiwemo, zilikuwa zimekwisha kukubaliana kuuondoa utaratibu huo wa kila mgeni na mlango wake. Mwaka 1996 zilitoa kanuni za kwanza za USB, tundu moja bapa la kupokea kila chombo. Mwaka 1998 kampuni ya Apple ikatoa iMac isiyo na matundu ya zamani kabisa, watu wakapiga kelele, kisha wakazoea. Mwaka 2000 kanuni zikaongezwa kasi. Kwa hesabu ya kanuni hizo mdhibiti mmoja wa USB aweza kubeba hata vyombo 127, na mwenye kuisoma namba hiyo angedhani kwamba mjadala wa uchache wa matundu umefungwa milele. Hasha. Walihesabu anwani, hawakuhesabu mikono.

Mashine zilizotufikia zilikuwa mitumba, nalitumia neno hili bila dharau, kwa sababu mitumba imewavika na kuwaelimisha watu wengi nchini mwetu. Zilikuwa Dell OptiPlex na Compaq zilizokwisha kufanya kazi miaka mitatu au minne katika ofisi za Ulaya, na nyingine zilipitia mikononi mwa Computers for Schools Kenya, shirika lililozikarabati na kuzigawa mashuleni. Aghalabu zilikuwa na matundu ya USB mawili mbele na manne au sita nyuma, na matundu ya zamani yalikuwapo bado pembeni yake, kama wazee waliokaa barazani wakitazama vijana wakifanya kazi. Kwa muda hapakuwa na cha kuchomeka. Kisha flashi ikaja. Mwanzoni, katika mashine zenye Windows 98, kila flashi ilidai programu yake kutoka kwenye diski, na mwenye kusahau diski alirudi nyumbani kama alivyokuja. Lakini mashine mpya zaidi zilipoenea, flashi ikawa kitu cha kila mtu, ikaning'inizwa shingoni pamoja na funguo, na matundu mawili ya mbele yakaanza kazi ambayo hayakuumbiwa.

Flashi ilikuja na maradhi yake. Kirusi kilichopandia flashi ya mwanafunzi asubuhi kiliingia katika kompyuta ya ofisi, kikapanda flashi ya kasisi mchana, na jioni kikawa parokiani. Wakubwa wa maabara za shule walipoona hivyo, baadhi yao walifanya jambo ambalo kwa maoni yangu lilikuwa la hofu kuliko hekima: waliyafunga matundu kwa programu, au wakayajaza gundi, na nimeingia katika maabara moja ya shule ambamo mashine ishirini zilikuwa na matundu arobaini ya mbele, yote yamezibwa kwa nta ya mshumaa. Hapo matundu hayakuwa machache wala mengi. Ilikosekana idhini tu.

Ama kwa habari ya mtandao, haukuingia Ukambani kwa njia moja. Huko Kyuso, upande wa Mwingi, shirika la ALIN, linaloshughulikia habari za nchi kame, lilikuwa na kituo cha Maarifa. Na shirika hilo lilikuwa miongoni mwa wale waliozitumia redio za WorldSpace, ambazo zilipokea ishara kutoka setilaiti ya AfriStar iliyorushwa mwaka 1998, na ambazo kwa adapta maalumu ziliweza kuunganishwa na kompyuta ili maandishi yashuke kutoka angani bila waya wa simu. Kampuni ya WorldSpace ilifilisika mwaka 2008, na redio zile sasa ni mapambo. Mwaka uliofuata nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa. Na kwa mara nyingine kitu cha waya kikaanza safari yake ya kupanda bara.

Kwa ofisi nyingi za chapa, hata hivyo, mtandao ulikuja ndani ya modemu ya kuchomeka. Ile ya kwanza niliyoiona Wote ilikuwa Huawei nyeupe, laini kama jiwe la mtoni, nayo ilikuja na waya wenye vichwa viwili, kwa sababu tundu moja halikuwa na nguvu za umeme za kuishibisha; kichwa kimoja kilipitisha habari na umeme, cha pili umeme tu. Basi ofisi yenye matundu mawili ya mbele iliyapoteza yote mawili kwa mgeni mmoja. Mwenye ofisi, mama mmoja mwenye sauti ya chini, aliniambia, "Mwalimu, huyu amekuja kulala kitanda cha watu wawili." Angeweza kuichomeka nyuma, lakini modemu ilishika mtandao pale tu ilipoelekezwa dirishani, na mgongo wa kompyuta ulitazama ukuta.

Wageni wengi zaidi waliletwa na serikali. Novemba na Desemba mwaka 2012 Tume ya Uchaguzi iliandikisha wapiga kura milioni 14.3 kwa siku thelathini kwa masanduku yaliyobeba kompyuta ndogo, kamera na kisomaji cha alama za vidole, na vijijini Makueni na Kitui watu wengi walitia kidole juu ya kioo chenye mwanga kwa mara ya kwanza maishani. Masanduku yale yaliondoka, lakini mazoea yakabaki. Ikaja iTax ya kodi, ikaja eCitizen mwaka 2014, yakaja maombi ya vyuo kupitia KUCCPS na ya mikopo kupitia HELB, ikaja NEMIS mwaka 2017 na kumtaka mwalimu aingize namba za vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote. Na kila lango la serikali lilidai hati zipigwe picha, zisomwe na skana, zitiwe saini, zichapwe, zirudishwe. Mwenye kutaka kuiona hali ya meza ya ofisi ya chapa na aende Mwingi au Kibwezi tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kupeleka hesabu za kodi, wakati ambapo hata mwalimu asiye na cha kulipa zaidi ya kilichokwisha kukatwa hupanga foleni hadi usiku. Atakuta kibodi, mausi, printa mbili, skana, kamera, kisomaji cha alama za vidole, modemu, spika aliyoisahau mtoto wa mwenye ofisi, na kati ya vyote hivyo simu nne au tano za wateja.

Simu hizo ndizo chombo ambacho watengenezaji wa kompyuta hawakukitia katika hesabu. Watu waliotoka vijijini ambako nyaya za umeme hazijafika hawakuja mjini na flashi peke yake, walikuja na simu iliyokufa. Na kwa kuwa tundu la kompyuta hutoa umeme hata kama hakuna habari ya kupitisha, kompyuta ya ofisi ikawa kisima. "Nisaidie na hako katundu kidogo, simu ipate hata asilimia kumi," hiyo ndiyo kauli niliyoisikia mara nyingi kuliko kauli yoyote juu ya kasi ya mashine au ukubwa wa kumbukumbu yake. Tundu la kawaida la USB hutoa volti 5 na miliampea 500, na lile jipya la buluu lililokuja na kanuni za mwaka 2008 hutoa 900. Simu yenye kiu huvinywa vyote na kuendelea kutazama.

Sasa nirudi kwenye yale matundu mawili yaliyokufa, maana hapa ndipo kiini cha habari. Wenye kuweka kanuni walilikadiria tundu bapa la USB kustahimili kuchomekwa na kuchomolewa mara 1,500. Mwenye kompyuta nyumbani, achomekaye flashi mara moja kwa siku, atayamaliza makadirio hayo kwa zaidi ya miaka minne, na kabla ya hapo atakuwa amenunua mashine nyingine. Ofisi ya chapa ipokeayo wateja thelathini wenye flashi kwa siku huyamaliza kwa siku hamsini. Ndani ya tundu ile mikono minne ya shaba hulegea, ulimi wa plastiki hupinda, kisha huvunjika siku ambayo mteja mwenye haraka anachomeka flashi juu chini kwa nguvu. Tazama basi: chombo kile kile, tundu lile lile, lililofanywa kwa uaminifu na kiwanda kile kile, ni cha miaka minne kwa mmoja na cha miezi miwili kwa mwingine, na tofauti yote imo katika idadi ya watu wanaokitumia. Aliyekichora alimfikiri karani mmoja mezani pake. Hakuifikiri tarafa nzima.

Mafundi waliliona jambo hili mapema kuliko mimi. Yuko mmoja mjini Kitui ambaye kwenye benchi lake ana kopo la mafuta ya kupakaa lililojaa matundu yaliyong'olewa kutoka mashine zilizokufa, na kwa ujira mdogo huling'oa tundu lililovunjika, husafisha miguu yake minne kwenye bamba kwa ncha ya chuma cha kulehemu, kisha hupachika jingine. Kazi hiyo hufanywa kwa miwani na kwa kuzuia pumzi. Lakini ushauri wake bora hauna malipo: mwambie akuuzie waya mfupi wa kurefusha, uchomeke nyuma ya kompyuta katika tundu lisiloguswa, uulete mbele, uufunge kwa utepe ukingoni mwa meza, na wateja wote wachomeke humo. Waya ukichakaa, utupe, ununue mwingine kwa bei ya soda mbili. Tundu la kompyuta halijui kilichotokea. Dawa hii nimeiona Wote, nimeiona Mutomo, nimeiona Emali, wala sidhani kuna aliyemfundisha mwenzake.

Wengine hununua kigawanyi, ambacho vijana hukiita habu, kichwa kimoja kinachozaa vinne. Sikipendi. Kile kisicho na waya wake wa umeme hugawa miliampea 500 zile zile kwa watoto wote, na kwa kanuni kila mmoja hupata 100 tu, kiasi kitoshacho mausi na kibodi lakini kisichotosha diski kubwa, ambayo hulia tik-tik-tik kama mtu atafutaye ufunguo gizani, na kisomaji cha alama za vidole huwaka, huzima, huwaka. Mteja huambiwa vidole vyake havisomeki kwa sababu ya kulima. Yawezekana, mikono ya Makueni imechimba makinga-maji mengi. Lakini mara mbili nimeona kisomaji kile kile kikihamishwa kutoka kwenye habu hadi nyuma ya mashine, na vidole vile vile vikasomeka.

Mashine ziingiazo sasa ni ndogo, nyingine hazizidi kitabu cha nyimbo cha kanisani kwa unene, na matundu yake yamepungua tena. La buluu la skrini limeondoka katika nyingi, kwa hiyo skrini za zamani, ambazo ni nzima na hazina kosa, zinaunganishwa kwa adapta inayolegea kila meza inapotikiswa. Na limeongezeka tundu dogo la mviringo mrefu, lisilo na juu wala chini, lililotoka mwaka 2014, ambalo hukadiriwa kustahimili mara 10,000. Kama lingekuja kwanza, lile kopo la fundi lingekuwa tupu. Lakini limekuja wakati ambapo wateja wenyewe wanaacha kuchomeka: kijana akitaka kuchapa barua huituma kwa WhatsApp kwenye namba ya ofisi akiwa bado nje kwenye kivuli, kisha huingia kulipa tu. Katika ofisi ile ya Kitui nilimuuliza mwenyewe kama atayafufua matundu ya mbele. Alisema hana haja. Flashi tatu kwa siku zikizidi.

Siku hiyo hiyo aliingia mzee mmoja aliyevaa koti licha ya joto, akatoa mfukoni bahasha ya kaki, na ndani ya bahasha diski nyeusi ya mraba, ya zile za megabaiti 1.44. Alisema humo mna orodha ya michango ya bwawa la kijiji chao, iliyochapwa miaka ya nyuma katika ofisi ambayo haipo tena, na sasa pana ubishi juu ya nani alitoa nini.

"Mzee, hii hatuna pa kuiweka siku hizi," karani alisema.

"Tafuta vizuri, mwanangu. Hamtupi vitu nyinyi."

Karani alimtazama, akaondoka, akarudi baada ya robo saa kutoka kwa fundi na kisanduku chembamba cha kusomea diski, chenye waya wa USB. Waya mfupi wa mezani ulikuwa umeshikwa na simu ya mteja iliyokuwa ikichaji. Akaichomoa ile simu, akaiweka kando, akachomeka. Kisanduku kiliguna, kikanyamaza, kikaguna tena, na kwenye skrini yakatokea majina ya mafaili matano. Mawili yalifunguka.